Nilifuta Hela ya Chupa

Mwaka 2016 nilikuwa wakala wa soda Mbagala, upande wa Charambe, na maduka mengi ya mitaa ile yalichukua mzigo kwangu. Mwaka huo nilibandika tangazo kwenye mlango wa stoo: chupa mojamoja hatupokei, na hela ya chupa hairudishwi taslimu. Miezi michache baadaye niliuza kreti zangu, nikabaki na soda za plastiki na maji ya chupa. Nilikosea. Hakuna aliyenilazimisha. Niliamua mwenyewe, kisha nikawahimiza wenye maduka wafanye kama mimi, na wengi walifanya kwa sababu waliniamini.

Nasimulia kwa kuwa kosa lenyewe ni rahisi kulirudia. Ukilifanya, watu wanakusifu kwa akili ya biashara, na fedha inaingia. Hasara inachelewa kuonekana, na ikionekana inakuwa kwenye nyumba ya mtu mwingine.

Kwa ambaye hajawahi kusimama upande wa ndani wa kaunta, nieleze kwanza utaratibu ulivyo. Kreti moja ya soda hubeba chupa 24. Anachonunua mteja ni soda iliyomo. Chupa na kreti ni mali inayozunguka. Wakala hapewi mzigo na kiwanda mpaka apeleke kreti tupu kwa idadi ileile, au aweke fedha ya kreti na chupa zake. Mwenye duka naye hapewi na wakala mpaka alete tupu. Na mteja anayetaka kuondoka na soda huulizwa swali ambalo kila mtoto wa Dar es Salaam amewahi kuulizwa: umekuja na chupa? Kama hana, anakunywa palepale, amesimama kwenye kivuli cha paa la duka, au anaacha hela ya chupa na kuichukua akirudisha. Hakuna mgambo anayelisimamia jambo hili, wala mtendaji wa kata. Fedha ndiyo inayolisimamia. Kila aliyeishika chupa ana hela yake ndani ya ile chupa, kuanzia wakala hadi mtoto aliyetumwa na mama yake.

Utaratibu huo ni mkongwe. Wazee wa Temeke husimulia miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo soda za harusi zilitafutwa kwa kibali, na mwenye kreti tupu nyumbani alikuwa mtu wa kuheshimiwa na kuombwa. Mpaka leo kreti za soda zinatajwa kwenye orodha za mahari na kwenye vikao vya harusi. Ukipita nyuma ya nyumba yenye shughuli, asubuhi baada ya sherehe, utakuta kijana amekabidhiwa kazi moja tu, kuhesabu chupa, maana zikipungua kamati inalipa.

Palikuwa pia na watu ambao hawakuwa na duka wala mtaji, na utaratibu ule uliwalisha. Watoto walizunguka uwanjani baada ya mechi za ndondo kuokota chupa zilizosahaulika. Mlinzi wa usiku aliwahi alfajiri kwenye vibaraza vya grosari. Na palikuwa na bibi mmoja wa jirani, mjane, aliyepita na kapu lake la ukili karibu kila wiki. Chupa tatu, chupa saba, zozote alizopata. Nilizihesabu, nikampa hela yake, akaenda kununua unga na dagaa. Sikuwahi kumfikiria kama sehemu ya biashara yangu. Nilimwona kama mtu ninayemsaidia.

Kilichonichosha ni kazi ya mikono, nayo ni nyingi. Chupa za kampuni moja hazipokelewi na nyingine, kwa hiyo kila jioni vijana wangu walikaa chini kuchambua. Chupa iliyomeguka mdomo kiwanda hakiitaki, na hasara inakuwa ya aliyeipokea bila kuiangalia. Zingine zinarudi na mafuta ya taa ndani, au dawa ya mende. Mteja anakuja na chupa aliyoinunua Tandika, anadai aliacha hela kwako, mnabishana mbele ya watu. Kreti zinaibwa usiku. Zaidi ya yote, mtaji unalala. Ukipiga hesabu ya fedha iliyoganda kwenye chupa tupu zilizopangwa stoo hadi kwenye dari, unaona kiwanja ambacho ungenunua Chamazi.

Plastiki ilikuja na majibu ya hayo yote. Hairudi, kwa hiyo haichambuliwi. Haivunjiki. Ni nyepesi, bodaboda mmoja anabeba mzigo ambao ungehitaji kirikuu. Machinga wanaiuza kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, abiria anainunua dirishani na daladala linaondoka, hakuna wa kumuuliza chupa. Na kulikuwa na kipindupindu. Mlipuko ule ulianzia Kinondoni mwezi Agosti 2015, ukaenea jiji zima na mikoa mingine, na watu ambao hawakuwahi kununua maji ya kunywa walianza kuyanunua, maana ya bomba waliyaogopa na ya kisima waliyaogopa zaidi. Sitasema kwamba chupa ile ya maji ilikuwa ubaya mtupu. Kuna nyumba ilizikinga. Mauzo yangu ya maji yalipanda, na nikaona njia ya biashara imehamia huko.

Hapo ndipo nilipoanza kutunga sababu. Niliwaambia wenye maduka kwamba chupa za kioo zinakata watoto miguu. Niliwaambia kwamba kumdai mteja chupa ni ushamba, kunafukuza wateja. Niliwaambia kwamba plastiki ni usafi. Nilikuwa naongea kama mtu anayewatakia mema, na kwa kweli niliamini nusu ya niliyoyasema. Nusu nyingine ilikuwa kuchoka, na kile kiwanja cha Chamazi.

Sikuufuta utaratibu kwa siku moja. Ningefanya hivyo labda watu wangepiga kelele. Nilianza na lile tangazo. Kukataa chupa mojamoja kulionekana kama mpangilio mdogo wa stoo, lakini nani ana kreti nzima isipokuwa mwenye duka? Na kusema hela hairudi taslimu, mtu achukue soda nyingine badala yake, kulionekana kama haki bin haki. Bibi alikuja na kapu lake siku chache baadaye.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimekuletea nyingi."

Nikamweleza kwamba siku hizi tunapokea kreti iliyojaa tu.

"Kreti nitaitoa wapi mimi?"

Nikasema basi kwa leo nitazipokea, lakini achukue soda.

"Soda sinywi, nina sukari. Nataka hela ya unga."

Nilimwambia utaratibu ndio huo, kwa wote. Ningeweza kumlipa. Fedha ilikuwa mfukoni mwangu. Niliona nikimlipa yeye, kesho watakuja wengine wanasema na sisi je. Aliziacha chupa zake mlangoni, akaondoka na kapu tupu. Nilizipanga kwenye kreti na kuzipeleka kiwandani, na kiwanda kikanihesabia. Hela ile niliila mimi.

Ndani ya mwaka mmoja maduka mengi niliyokuwa nayahudumia yalibaki na kreti chache za kioo, mengine hayakubaki na hata moja. Friji zikajaa plastiki. Mimi nilikuwa nimeuza kreti zangu kwa wakala wa upande wa Kongowe, kwa bei ya chini ya niliyozinunulia, na nikaona nimepona.

Jambo ninaloona aibu zaidi kulisema ni hili linalofuata. Wakati huohuo nilikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu. Tangu tarehe 9 Desemba 2015, Rais Magufuli alipoamuru sikukuu ya Uhuru itumike kufanya usafi, na baadaye kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi, kamati zile zilipata nguvu. Tulipita nyumba kwa nyumba. Nilisimama kwenye mikutano ya mtaa nikasema watu wetu hawana ustaarabu, wanatupa chupa ovyo, wanaziba mitaro. Niliunga mkono faini. Kijana mmoja fundi baiskeli alikamatwa akitupa chupa ya plastiki mtaroni, akatozwa faini ya shilingi elfu hamsini, fedha ambayo kwake ni kazi ya siku nyingi. Chupa ile aliinunua kwenye duka lililochukua mzigo kwangu. Nilisaini karatasi.

Masika ya 2018 yalikuwa mazito jijini, wengi wanayakumbuka. Kwetu, mtaro unaopita nyuma ya nyumba na kushuka bondeni ulijaa hadi juu, ukashindwa kupitisha, maji yakageukia vyumbani. Nyumba za chini ndizo zilizoingiliwa zaidi. Mama mmoja muuza vitumbua alipoteza unga na mchele wake wote wa wiki ile. Familia mbili zilihamia kwa ndugu kwa muda, magodoro yakaanikwa juu ya mapaa. Hakuna aliyekufa mtaani kwetu. Jijini walikuwapo waliokufa.

Mvua ilipokata, kamati iliita watu kuzibua. Tulikwenda na makoleo, reki na mabuti ya mpira kwa waliokuwa nayo. Mimi nilisimamia, na kwa kuwa nilikuwa bado na ile hotuba yangu ya chupa za kioo, niliwaonya vijana walioingia mtaroni peku: angalieni, humo mna chupa za kuwakata.

Tulianza kutoa. Chupa za maji za nusu lita, za lita moja na nusu. Soda za plastiki za rangi zote. Pampasi, mifuko ya rambo, kandambili zisizo na wenzake, karatasi za biskuti. Lakini chupa ndizo zilizokuwa nyingi kuliko vyote. Zilikuwa zimejipanga na kushikana na tope kiasi kwamba ukivuta moja zinakuja nyingi pamoja. Rundo likapanda ukingoni, likawa refu kunipita. Nilikuwa nimesimama pembeni yake naandaa maneno ya kusema baadaye, kwamba oneni wenyewe mnavyoishi.

Ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyekatwa.

Sikuliona kama jambo kubwa mwanzoni. Nilianza tu kuangalia rundo nikitafuta chupa ya soda ya kioo, niwaonyeshe watoto waliokuwa wanazunguka. Sikuiona. Nikazunguka upande wa pili. Nikachukua reki mwenyewe nikachambua. Tulipata vipande vya chupa za pombe kali, zile ndogo za kioo ambazo hazina hela ya chupa, hazirudishwi popote. Chupa ya soda ya kioo, hakuna. Chupa ya bia, hakuna hata moja.

Nikainua macho. Hatua chache kutoka ulipo mtaro kuna grosari ambayo kila usiku inauza bia, na kwenye kibaraza kile soda za kioo bado zilikuwapo, maana yule mwenye grosari hakunisikiliza. Watu walewale, wa nyumba zilezile, walikuwa wanakunywa bia na soda za kioo pale kila siku ya Mungu, karibu na mtaro uleule. Wanakunywa usiku, wamelewa, gizani. Na hakuna chupa iliyotupwa. Wachafu niliowasema mikutanoni walikuwa wanarudisha kila chupa ya kioo waliyoishika, bila mkutano, bila bango, bila faini. Zilizofika mtaroni zilikuwa zile tu ambazo hazikuwa na hela. Za plastiki zilizotoka stoo kwangu, na zile ndogo za pombe kali.

Nilisema kwa sauti, sijui nilikuwa namwambia nani, mbona hamna chupa ya bia humu. Yule fundi baiskeli alikuwa ndani ya mtaro, tope magotini. Alicheka kidogo, akanijibu bila hata kuacha kazi:

"Chupa ya bia nani atupe, bosi? Hiyo si hela?"

Sikuitoa ile hotuba. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikaangalia rundo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeitoa ile hela. Nilikuwa nimewavua watu wa mtaa wangu sababu ya kurudisha chupa, kisha nikawatoza faini kwa kutorudisha.

Ningependa kusema nilirekebisha baada ya hapo. Nilijaribu, na nilikosea mara ya pili, kwa hiyo nalo nilieleze.

Nilipohamia kwenye plastiki niliambiwa kwamba waokota makopo wangetusafishia. Ni kweli wapo, na jiji hili linawategemea kuliko linavyokiri. Ukiamka alfajiri Mbagala Rangi Tatu au Tegeta unawaona na viroba vyao mgongoni. Lakini wao wanauza kwa kilo, na chupa tupu ya nusu lita ina uzito wa gramu 15 hadi 20. Kilo moja inataka chupa 50 hadi 60 na zaidi. Hata mnunuzi akitoa shilingi 300 kwa kilo, chupa moja inabeba shilingi tano au sita. Mnywaji hawezi kuitunza chupa kwa shilingi tano. Ataitupa, na mwokotaji atainama kuiokota ikiwa tu bei ya kilo inamlipa jua na mgongo wake. Na bei hiyo haipangwi Mbagala. Januari 2018 China iliacha kupokea taka za plastiki kutoka nje, nchi ambayo ilikuwa ndiyo soko kubwa la dunia. Mnunuzi wa makopo wa upande wetu alitwambia waziwazi kwamba mzigo haumwendei, akashusha bei, kisha akafunga kwa miezi kadhaa. Waokotaji wakahamia kwenye vyuma chakavu. Masika yakatukuta hapo.

Kwa hiyo niliamua kulipa mwenyewe. Nilitangaza dukani kwamba kila chupa ya plastiki, tupu, nzima, nitainunua kwa shilingi 20, moja au elfu, taslimu. Nilitaka kurudisha nilichoondoa. Siku za mwanzo watoto wa mtaa walileta, mtaro ukabaki mweupe, nikafurahi. Kisha magunia yakaanza kuja. Yalitoka Tandika, yakatoka Kongowe, yakavuka mpaka wa mkoa kutoka Vikindu. Vijana walikuja na guta zima. Nililipa mpaka fedha ya mzigo ikaisha, nikafunga, na waliofika siku iliyofuata wakaona nimewadhulumu.

Kosa lilikuwa wazi mtu akikaa na kulitazama. Nilirudisha hela ambayo hakuna aliyeiweka. Kwenye chupa ya kioo, shilingi anayorudishiwa bibi ilishalipwa na mnywaji, ambaye aliilipa kwa mwenye duka, ambaye aliilipa kwangu, nami kwa kiwanda. Haipungui, inazunguka tu. Mimi nilikuwa namwaga fedha ya mfukoni kwa ajili ya chupa za jiji zima, ambazo zilitoka kiwandani bila senti ya kurudi.

Wenzetu waliotangulia wameyapitia haya kwa kiwango cha majimbo na nchi. Jimbo la Oregon, Marekani, lilitunga sheria ya hela ya chupa mwaka 1971, senti tano kwa chupa au kopo. Senti tano ile ilikaa hivyohivyo kwa zaidi ya miongo minne huku bei za vitu vingine zikipanda, mpaka mtu akaona haina maana kuirudia. Baadaye waliweka sharti kwamba urudishaji ukishuka chini ya asilimia 80 miaka miwili mfululizo, hela ipande. Ukashuka, na Aprili 2017 ikawa senti 10. Michigan ilianza na senti 10 tangu 1978, na kwa kuwa majimbo ya jirani hayana, watu walivusha chupa kwa magari hadi sheria ikafanya jambo hilo kuwa kosa. Nilipolisoma hilo nilikumbuka guta la Vikindu. Lithuania, nchi ndogo, ilianza mwaka 2016 nchi nzima kwa siku moja; kabla ya hapo chupa za plastiki zilizorudi zilikuwa kama theluthi moja, na kufikia mwisho wa 2017 zilizidi asilimia 90.

Nayataja kwa sababu sisi hatuanzi kutoka sifuri. Hapa mtoto wa darasa la pili anajua hela ya chupa ni nini. Hatuhitaji mashine za Ulaya. Tuna maduka kila kona, tuna magari ya kiwanda ambayo yanarudi, tuna vijana wanaojua kuchambua. Na tunajua pia kwamba serikali ikiamua, kifungashio kinabadilika. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Niliona kwa macho yangu jinsi mifuko ya rambo ilivyoyeyuka kwenye rundo letu la usafi. Chupa zilibaki.

Zinaenda wapi? Jiji hili limekuwa likisukuma taka pembeni kwa muda mrefu. Wakazi wa Tabata walikwenda mahakamani kupinga dampo mwishoni mwa miaka ya 1980. Likapelekwa Kunduchi Mtongani, Kinondoni, na wakazi wa huko nao wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1991, wakashinda. Likaja Vingunguti, likaja Mtoni huku kwetu Temeke, sasa ni Pugu. Lakini Pugu hufika taka inayobebwa na gari, na gari la taka haliingii kila uchochoro wa Mbagala wala wa Mabwepande. Isiyobebwa hushuka mtaroni, mtaro huingia mtoni, na huku kwetu mto ni Kizinga, uleule ambao mtambo wa maji wa Mtoni unachota. Tulikimbilia maji ya chupa kwa kuogopa maji ya bomba, na chupa zenyewe tunazirudisha kwenye mto wa maji ya bomba.

Gharama yangu naweza kuieleza kwa ufupi. Nilipotaka kurudi kwenye kioo, kreti zilikuwa zimepanda bei na uwakala wa eneo ulikuwa umeshapewa mtu mwingine. Leo nina duka la kawaida, na kreti chache nilizonunua kidogo kidogo. Kiwanja cha Chamazi sikununua. Kwenye kamati nilijiuzulu. Fundi baiskeli nilimrudishia elfu hamsini yake kutoka mfukoni kwangu. Aliipokea, hakusema kitu, na sikutaka aseme. Kwa bibi nilikwenda pia. Aliniambia yamepita. Kwa miaka ile miwili ya katikati alikuwa anakopa unga kwa jirani, hilo nililisikia kwa huyo jirani.

Kwa wanaotunga kanuni, wa halmashauri, wa wizara na wa Baraza la Mazingira, ninalo ombi. Siku mkiiweka hela kwenye chupa ya plastiki, ianzie kiwandani na bandarini, nchi nzima kwa siku moja, si kwa mtaa mmoja wa majaribio. Iwe kubwa kiasi cha mtoto kuinama, na ipandishwe bei zikipanda. Duka lolote linalouza lipokee, na mwenye duka alipwe kitu kwa kazi ya kupokea, maana kazi ipo na ndiyo iliyonishinda mimi. Waokota makopo msiwaondoe, wao ndio watakaoleta zile ambazo mnywaji amekata tamaa nazo. Na hela irudi mkononi kama hela.

Wewe mwenye duka uliyechoka kuchambua, nakuelewa kabisa. Kabla hujaziuza kreti zako, nenda kwenye mtaro ulio karibu na duka lako siku ya usafi, chukua reki, utafute humo chupa moja ya kioo yenye hela. Ukizikuta nyingi, uza kreti. Usipoiona, zibakize.